Adui Tusiyemsikiliza

Mazungumzo ya redioni. Masomo: Yona 4, Luka 10:25–37

  

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo huenda likawashangaza wengine wenu. Twataka kusema juu ya vitabu vya hadithi. Tena si hadithi za sungura na fisi, bali hadithi za vita vya angani, za majeshi yanayopanda vyombo viendavyo kasi kupita risasi na kupigana na viumbe wa sayari nyingine. Vijana wengi wa makanisa yetu huvisoma vitabu hivi. Wengine huvinunua vikiwa vikuukuu kando ya barabara, wengine huazimana shuleni mpaka majalada yakatoka, na siku hizi wako wanaovisoma katika simu usiku, taa ikiwa imezimwa. Nao wazazi hutuuliza baada ya ibada: "Mchungaji, mtoto wangu anasoma mambo ya majitu ya angani yenye umbo la wadudu. Je, mambo haya yamfaa Mkristo?"

Swali hilo ni jema, wala tusilidharau. Lakini haliwezi kujibiwa kwa kutazama picha iliyo juu ya jalada. Mtu ahukumuye kitabu asichokisoma ni kama hakimu atoaye hukumu kabla ya shahidi kusema. Kwa hiyo tulivisoma, na leo twataka kuwaeleza tuliyoyakuta ndani yake.

Vitabu vya aina hii ni vingi, wala havifundishi jambo moja. Mwaka 1959 Robert Heinlein, Mmarekani aliyepata kuwa ofisa katika jeshi la majini la nchi yake, alitoa kitabu kiitwacho Starship Troopers. Humo askari anasifiwa sana, na adui ni mdudu wa kupigwa tu. Mwaka 1974 Mmarekani mwingine, Joe Haldeman, aliyepigana Vietnam na kujeruhiwa huko, alitoa The Forever War. Vita vyake vinachukua zaidi ya miaka elfu moja, na mwisho inaonekana kwamba havikuwa na sababu. Pande zote mbili hazikujua namna ya kusemezana, basi kila upande ukaona ni heri kupiga. Mnaona, ndugu zetu, waandishi hawa wawili waliandika juu ya vita vya namna moja, lakini mmoja aliona ushujaa na mwingine akaona hasara.

Hata hivyo, mfululizo tutakaoutazama hasa leo ni ule wa Orson Scott Card. Kitabu cha kwanza ni Ender's Game cha mwaka 1985, ambacho hapo awali kilikuwa hadithi fupi iliyochapishwa mwaka 1977. Cha pili ni Speaker for the Dead cha mwaka 1986. Vyote viwili vilipata tuzo kubwa za vitabu vya namna hii, Hugo na Nebula. Vikafuata Xenocide mwaka 1991 na Children of the Mind mwaka 1996. Hata sinema ya kile cha kwanza ilitengenezwa mwaka 2013, na aliyeiongoza ni Gavin Hood, mzaliwa wa Afrika Kusini. Mwandishi mwenyewe ni wa kanisa la Wamormoni, na katika ujana wake alitumwa Brazil kueneza imani yake. Sisi hatufundishi mafundisho ya kanisa lake. Lakini mtu akiuliza swali lenye maana, yafaa tulisikilize, hata ikiwa haabudu pamoja nasi.

Hadithi yenyewe ni hii. Dunia imeshambuliwa mara mbili na viumbe kutoka nyota za mbali, wenye umbo kama la wadudu wakubwa. Watu wengi walikufa. Mara ya pili viumbe hao walishindwa na kamanda mmoja, Mazer Rackham, aliyekitambua chombo alimokuwa malkia wao, akakipiga hicho kimoja, na wengine wote wakafa papo hapo. Tangu siku hiyo ulimwengu mzima ukaishi kwa hofu, ukingoja mara ya tatu.

Wakubwa wa jeshi wakaamua kumtafuta jemadari wao miongoni mwa watoto. Wakamchukua mvulana wa miaka 6, jina lake Andrew Wiggin, ambaye kwa kuwa dada yake alishindwa kulitamka jina hilo vema, aliitwa Ender. Wakampeleka katika shule ya vita iliyoko angani, mbali na mama yake. Huko watoto hufundishwa kupigana katika chumba ambamo vitu havina uzito, wala hakuna juu wala chini. Mkuu wa shule, Kanali Graff, anampenda mtoto huyu. Lakini anahakikisha kwa makusudi kwamba hana rafiki wa kumkimbilia, ili akue akijua kwamba hakuna mtu atakayekuja kumwokoa. Mara mbili Ender anajitetea dhidi ya wavulana wanaomwonea, na wote wawili wanakufa. Wakubwa wanamficha habari hiyo.

Kabla hajatimiza miaka 12, Ender anapelekwa mbali zaidi, na Mazer Rackham mwenyewe anakuwa mwalimu wake. Kila siku anaketi mbele ya mitambo inayoonyesha vyombo vya vita kama katika mchezo, akiwaamuru watoto wenzake. Kila siku mchezo unakuwa mgumu zaidi. Halali vizuri, hali vizuri. Mwishoni anaambiwa umebaki mtihani mmoja tu. Anatazama, na tazama, vyombo vya adui ni maelfu, vimeizunguka sayari. Vyake ni vichache mno. Kwa uchovu na kwa hasira anaona kwamba mtihani huu si wa haki, akaamua kuvunja kanuni zote ili wamfukuze, apumzike. Anaipiga sayari yenyewe kwa silaha kali iliyo mikononi mwake. Sayari inasambaratika na kutoweka.

Ndipo anageuka na kuwaona wazee nyuma yake wakilia, wengine wakicheka, wengine wakiomba. Ndipo anaambiwa ukweli. Haukuwa mchezo. Kwa muda wote huo alikuwa akiamuru vyombo halisi, vyenye watu halisi, na sayari aliyoiharibu ilikuwa makao ya malkia wote wa viumbe wale. Mtoto mmoja ameangamiza taifa zima la viumbe wenye akili, naye hakujua.

Ndugu msikilizaji, tusimame hapa kidogo tuulize: kwa nini wakubwa walimdanganya? Jibu lililo katika kitabu lafaa kufikiriwa sana. Walihitaji mtu aliyemfahamu adui kabisa, kiasi cha kujua atageukia wapi kabla hajageuka. Lakini walijua kwamba mtu mwenye moyo wa kumfahamu mwenzake kiasi hicho hawezi tena kutaka kumuua. Akishamfahamu, atamhurumia. Basi wakaona hakuna njia ila kumficha mtoto jambo alitendalo. Walitaka ufahamu wake, lakini hawakutaka huruma yake.

Na hadithi haikomi hapo. Baada ya vita Ender anakwenda kuishi katika sayari mojawapo iliyoachwa tupu na wafu wale. Siku moja anaona mahali palipojengwa mfano wa mambo aliyoyaota na kuyachezea utotoni. Viumbe wale walikuwa wameingia katika mawazo yake tangu mbali, nao kabla ya kufa walimwachia ishara. Akiifuata ishara hiyo, anamkuta malkia mchanga, wa mwisho wa jamaa yake, amefungwa ndani ya kifuko kama cha kiwavi, hajazaliwa bado. Na kwa njia ya mawazo malkia huyo anamweleza yaliyotokea.

Katika jamii ya viumbe wale, malkia peke yake ndiye mwenye akili na nafsi. Wengine wote ni kama vidole vya mkono wake. Walipoijia dunia, walidhani na sisi tuko vivyo hivyo. Walipomuua mwanadamu mmoja, kwao ilikuwa kama kukata ukucha. Hawakufikiri kwamba kila mtu waliyemuua alikuwa malkia, mwenye nafsi yake asiyeweza kurudishwa. Walipolitambua hilo, walihuzunika sana, wakakata shauri wasirudi tena duniani kamwe. Lakini hawakuwa na kinywa cha kutuambia. Nasi wakati ule tulikuwa tumekwisha kutuma majeshi yetu. Haikuwako tena mara ya tatu ya kuogopewa. Waliokwenda kushambulia safari hiyo walikuwa sisi.

Wapendwa, hii ni hadithi ya kubuni. Hakuna malkia, wala hakuna Ender. Lakini hebu tuulize kama makosa yaliyomo ni ya kubuni vilevile. Twaona matatu.

Kosa la kwanza ni jina. Watu wa hadithi hiyo waliwapa adui zao jina la dharau, la wadudu. Jina lao la heshima, Formics, latokana na neno la Kilatini lenye maana ya chungu au sisimizi, yule mdudu mdogo ambaye mwenye hekima katika Mithali sura ya 6 alimtuma mvivu akajifunze kwake. Lakini nani anajifunza kutoka kwa mdudu aliyekwisha kumwinulia kiatu? Mtu akiitwa mdudu, kumponda hakuonekani tena kuwa dhambi.

Je, jambo hili liko mbali na sisi? La hasha. Katika Rwanda mwaka 1994, na kwa miaka mingi kabla yake, Watutsi waliitwa inyenzi, yaani mende. Jina hilo lilirudiwa redioni, katika chombo kama hiki hiki tunachokitumia sasa kuwaletea neno la Mungu. Kilichofuata mnakijua. Na hapa kwetu Kenya, katika fujo za miaka ya 1990 na zile zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wako waliowaita majirani zao "madoadoa", doa la kuondolewa katika nguo. Yule jirani alikuwa na jina lake. Alikuwa na shamba, na watoto shuleni, na jembe aliloliazima juzi na kulirudisha. Lakini alipokwisha kuitwa doa, mengine yote yalisahauliwa. Ndugu, kabla ya panga kunolewa, jina hunolewa kwanza. Ukisikia jina la namna hiyo likitajwa mezani pako, hata kwa mzaha, jua kwamba kazi ya kuua imekwisha kuanza.

Kosa la pili ni kuwatumia watoto. Wazee wa hadithi hiyo waliogopa, na mzigo wa hofu yao wakamtwika mvulana asiye na ndevu. Sisi tulio Afrika Mashariki hatuwezi kusema kwamba hayo ni ya angani tu. Kaskazini mwa Uganda, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, waasi wa Lord's Resistance Army waliwateka watoto kwa maelfu, wakawapa bunduki, wakawalazimisha kuua, mara nyingine watu wa vijiji vyao wenyewe. Watoto wengine walitembea kila jioni kutoka vijijini hadi mjini Gulu, walale barazani mwa maduka na hospitali, wasije wakatekwa usiku.

Na mtoto wa namna hiyo akirudi, tumwitaje? Muuaji, au mtoto? Ender aliuliza swali hilo hilo maisha yake yote. Huko Uganda yuko mtu aliyelijibu kwa gharama kubwa. Askofu Macleod Baker Ochola, wa Kanisa la Kianglikana, aliyekuwa askofu wa Kitgum, alimpoteza mkewe mwaka 1997, aliyeuawa na bomu lililofichwa ardhini. Mtu angedhani kwamba baada ya hapo angetaka kisasi. Lakini yeye na viongozi wenzake wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu, walisimama pamoja wakitaka msamaha kwa wale watakaoweka silaha chini, na mwaka 2000 sheria ya msamaha ikapitishwa nchini Uganda. Askofu huyo hakusema kwamba hakuna kosa lililotendwa. Alijua kuliko sisi kosa lilivyokuwa. Lakini alijua pia kwamba wengi wa waliokuwa msituni walikuwa watoto waliotekwa, na kwamba mama zao walikuwa bado wanawangoja.

Kosa la tatu ndilo lililo mzizi wa mengine: kutosikiliza. Viumbe wale walitaka kutubu, lakini hawakuwa na masikio ya kutubia. Hapa ndipo tunapomkumbuka nabii Yona. Sisi hupenda kusimulia habari ya samaki, tukaiacha sura ya nne. Humo Yona ameketi nje ya Ninawi, mji wa Waashuri, adui wa taifa lake, akingoja auone ukiangamia. Watu wa mji wametubu, Mungu amewasamehe, na nabii amekasirika hata kutamani kufa. Ndipo Mungu anapomwuliza kama asiuhurumie mji mkubwa wenye watu zaidi ya 120,000 wasioweza hata kutofautisha mkono wa kuume na wa kushoto, tena wenye wanyama wengi. Angalieni, wapendwa: Yona aliona adui, Mungu aliona hesabu ya watu, mpaka akawahesabu na ng'ombe. Na kitabu kinaishia hapo hapo, kwa swali. Hatuambiwi Yona alijibu nini. Labda ni kwa sababu jibu latakiwa kutoka kwetu.

Tukifika kwenye kitabu cha pili, Speaker for the Dead, Ender ni mtu mzima. Kwa sababu wasafirio kwa kasi iliyo karibu na ile ya mwanga hawazeeki upesi, yeye ana miaka kama 35, lakini duniani imepita miaka 3,000. Amembeba yule malkia katika kifuko chake, sayari hata sayari, akitafuta mahali pa kumpa makao. Amekwisha kuandika kitabu kidogo kinachosimulia vita vile kutoka upande wa walioangamizwa, hata ulimwengu mzima ukawalilia wale uliowashangilia walipokufa. Na watu wakimwita, yeye husimama juu ya kaburi la mtu na kusema habari zake zote: mema yake, mabaya yake, na sababu zilizomfanya awe hivyo alivyokuwa.

Anafika katika sayari iitwayo Lusitania, penye mji mdogo wa Wakristo Wakatoliki wenye asili ya Brazil. Kando ya mji wanaishi viumbe wadogo wa msituni, nao wamemuua mwanadamu aliyewapenda kuliko wote, wakampasua kifua na kuacha mwili wake umetandazwa nyasini. Baada ya miaka wanamuua na wa pili, mwanawe. Watu wa mji wanaona huo ni ukatili usio na kifani. Ender peke yake anakwenda kuwauliza. Naye anaambiwa kwamba kwa viumbe wale, mwenye kupasuliwa hivyo hafi. Huota na kuwa mti mkubwa, akaingia katika maisha ya heshima kuu. Walidhani wanampa rafiki yao zawadi. Wanapoambiwa kwamba mwanadamu hafanyi mizizi, bali hufa tu, wanaomboleza kwa uchungu usioelezeka. Miaka mingi watu walikuwa wamewatazama kupitia ua, wakaandika habari zao katika madaftari, lakini swali lile moja hawakuwa wameliuliza.

Katika kitabu hicho yako madaraja ya wageni. Kuna mgeni wa mji mwingine. Kuna mwanadamu wa ulimwengu mwingine. Kuna kiumbe wa jinsi nyingine ambaye tunamkubali kuwa ana utu. Na kuna yule ambaye hatuwezi kusemezana naye kamwe, ambaye labda itatubidi kupigana naye. Na jambo kuu ni hili: kiumbe mmoja aweza kuhamishwa kutoka daraja la nne hadi la tatu bila yeye mwenyewe kubadilika hata unywele. Anayebadilika ni yule anayemtazama.

Mnasikia, wapendwa? Hili si jambo jipya. Mwanasheria katika Luka sura ya 10 alimwendea Yesu na swali la madaraja. Alitaka aonyeshwe mpaka: jirani yangu anakomea wapi, nipate kujua ni nani nisiye na deni kwake? Bwana akamsimulia habari ya mtu aliyepigwa na wanyang'anyi katika njia ya Yeriko, na Msamaria aliyemhudumia. Kisha akaligeuza swali. Hakuuliza ni nani aliyestahili kuitwa jirani. Aliuliza ni yupi kati ya wale watatu aliyekuwa jirani. Ujirani hauko kwa yule aliyelala njiani. Uko kwa yule aliyesimama. Mwandishi wa hadithi za nyota alitembea mbali sana, na mwisho akajikuta katika njia ile ile ya Yeriko.

Huenda msikilizaji mmoja akatuuliza, "Mchungaji, je, mtu asijilinde? Adui akija kwangu na bunduki, nimsikilize nini?" Swali hilo ni la haki, hatulikwepi. Kanuni za Dini 39 za kanisa letu, katika ile ya 37, zakubali kwamba Mkristo aweza kushika silaha kwa amri ya serikali. Yohana Mbatizaji, katika Luka 3:14, hakuwaambia askari waache kazi, bali aliwakataza dhuluma. Katika hadithi yetu vilevile, waliopigana na wavamizi walipokuja duniani hawakulaumiwa. Hatia ilianza pale walipovuka anga kwenda kumaliza jamaa nzima, kwa hofu ya vita ambavyo havikuwa vinakuja. Kujilinda ni jambo moja. Kumfutilia mbali mwenzako ili usimwogope tena ni jambo lingine. Na mtu mwenye hofu hupita kutoka la kwanza hadi la pili bila kuona mpaka.

Basi tuwajibu wazazi wetu. Vitabu hivi si maziwa ya watoto wachanga. Vina mapigano na vifo na mambo mazito ya nyumba. Kwa mtoto mdogo vyafaa vingoje. Lakini kijana wa sekondari akikishika mkononi, usimnyang'anye. Kisome wewe nawe, kisha mwulize maneno haya: Adui wa kitabu hiki anaitwaje, na ni nani aliyempa jina hilo? Je, kuna mtu aliyejaribu kusema naye kabla ya kumpiga? Na kama hadithi ingesimuliwa na adui, ingekuwaje? Mtoto akijua kuuliza hivyo juu ya kitabu, atajua kuuliza hivyo pia juu ya mkutano wa siasa.

Neno moja zaidi, nalo latuhusu sisi tunaozika watu. Katika mji ule wa Lusitania alikufa mtu mmoja mkatili, mlevi, aliyempiga mkewe. Watu wote walimchukia. Ender aliposimama kusema habari zake, hakumsifu, wala hakumtukana. Alieleza jinsi mtu huyo alivyodharauliwa tangu utoto kwa sababu ya mwili wake mkubwa, akaitwa mnyama mpaka akawa mnyama; jinsi alivyokuwa na ugonjwa uliomnyima watoto; na jinsi watoto waliokuwa nyumbani mwake walivyokuwa wa mtu mwingine, naye akalijua hilo, akalinyamazia miaka yote. Ilikuwa aibu kubwa kusikia. Lakini uongo ulipokwisha kuondoka katika nyumba ile, watoto wakaanza kupona.

Hatusemi kwamba siri za nyumba zitangazwe matangani. Hilo lingejeruhi wengi. Lakini twajua jinsi wasifu wa marehemu unavyosomwa kwetu: kila aliyekufa alikuwa mpole, mcheshi, mpenda watu. Halafu mjane huenda nyumbani na ukweli wake peke yake. Na upande wa pili, yuko marehemu ambaye hata baada ya miaka 20 jina lake hutajwa kwa kutema mate. Wote wawili hawajasikilizwa. Labda katika jamaa yako yuko mtu wa namna hiyo: baba aliyewatesa, ndugu aliyekula shamba la yatima, jirani aliyewachomea boma. Hatukuambii useme hakukosa. Twakuuliza tu: je, umewahi kuijua habari yake yote? Ni nani aliyempa yeye jina baya la kwanza?

Mungu wetu ndiye aliyeufanya mpaka mkubwa kuliko ule wa nyota, mpaka kati ya yeye aliye mtakatifu na sisi tuliokuwa adui zake, kisha akauvuka mwenyewe. Hakututumia jeshi. Alikuja, akavaa mwili kama wetu, akaketi pamoja nasi mezani, akatusikiliza. Tulipomsulubisha, alituombea, akisema kwamba hatujui tutendalo. Kama yeye alitufahamu kabisa, na kutufahamu kwake kukawa kutupenda, basi na sisi tusiogope kumfahamu adui.

Juma hili, ndugu msikilizaji, mtaje mtu mmoja mbele za Mungu. Mtaje kwa jina alilopewa na mama yake, si lile ulilompa wewe. Kama yu hai na njia iko, nenda umsikilize kabla hujamjibu. Kama amekwisha kufa, mwulize anayezijua habari zake.

Na tuombe.

Ee Mungu Baba, uliyefanya nyota na vyote vilivyomo tusivyovijua, twakushukuru kwa kuwa hakuna kiumbe aliye mgeni kwako. Utusamehe majina mabaya tuliyowapa wenzetu. Uwaponye watoto waliofundishwa kuua kabla hawajafundishwa kusoma. Utupe masikio ya kusikiliza, na moyo usioogopa yale utakayoyasikia. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Mungu awabariki nyote. Kwaherini, mpaka tutakapokutana tena.